Bahari Niliyoisema Nikiwa Kitale

Bahari sijaiona. Maji makubwa niliyowahi kuyaona ni Mto Nzoia ukiwa umejaa, na lile dimbwi la nyuma ya kwetu ambalo mvua ikinyesha hurudi kukaa kama mwenye kiwanja. Lakini mwaka uliopita, mwezi wa tatu, kwa wiki mbili nzima nilikuwa mtaalamu wa bahari. Utaalamu wenyewe niliufanyia kwenye kiti changu cha cherehani, pembeni mwa mji wa Kitale, nikishona kaptura za shule.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Watu wenye adabu husema hivyo. Mke wangu husema mimi ni kabati, kwamba ukitaka kunihamisha lazima uite wanaume wanne na mmoja wa kushika mlango. Siwezi kubisha. Saboti nimefika mara mbili, zote kwa mazishi. Soko la mji wa Kwanza nimefika mara moja, nikarudi kabla ya chai ya saa kumi. Kazi yangu ni sare za shule. Wateja huja barazani, mimi huwapima, wao huenda zao. Kidato cha nne nilimaliza, na alama nilizopata ni siri kati yangu na mwalimu mkuu, ambaye naamini alishanisamehe.

Kinachotembea kwangu ni simu. Huwa naiegemeza kwenye mkebe wa vifungo, mguu ukikanyaga cherehani na jicho moja likizunguka dunia. Niko kwenye grupu kubwa la wakulima wa mahindi, ingawa shamba langu ni kipande kidogo nyuma ya choo. Humo watu huuliza habari za mbegu, viwavi, na mvua. Hasa mvua. Mwezi wa tatu mashamba yanakuwa yameshalimwa, mbegu imeshanunuliwa, na kila mtu anatembea akitazama juu kama aliyepoteza ndege. Mtu wa namna hiyo ukimwambia neno lolote kuhusu mawingu, atalibeba.

Siku hiyo, kati ya picha ya kiwavi na ya mtu anayeuza plau, mmoja akaweka picha ya mafeni ya upepo. Si yale ya kusimama kwenye vilima. Haya yalikuwa katikati ya bahari, nchi za watu huko, meupe, marefu, yamepangwa mistari kama mahindi yaliyopandwa na mtu mwenye kamba. Chini yake akaandika: wanasema hata bahari yetu ina upepo wa kutosha, iko siku yataletwa, mwaonaje?

Lo! Watu waliona.

“Ati feni baharini? Samaki wanasikia joto ama?”

“Stima ya Kitale inapotea wingu likipita tu, na mnataka tukaitafute ndani ya maji?”

Mama mmoja anayeishi ng'ambo akaandika kwamba yeye huyaona kutoka dirisha la jikoni kwake na hayajawahi kumuuma. Akajibiwa kwamba aje kwanza akae bila stima hapa kwetu ndipo aongee. Mwingine akasema hiyo ndiyo stima isiyo na moshi, watoto wetu watapumua. Mwingine akamuuliza kama watoto wake wanapumua moshi wa stima au wa kuni za mama yake. Halafu akaingia mtu aliyesema yeye ni mvuvi wa Pwani. “Ninyi watu wa mahindi, bahari mmeijulia wapi? Mimi nauliza swali moja tu. Zile nguzo zikisimama, nyavu zetu zitapita wapi?”

Swali zuri kabisa. Na chini yake hasa ndipo nilipoweka uchafu wangu.

Nilikuwa nimemaliza kiuno cha kaptura na nilijisikia mwepesi. Nikaandika hivi, nakumbuka kila nukta:

“Wakulima wenzangu. Mvua yetu husukumwa na upepo wa baharini. Hayo mafeni yakiwekwa, upepo utafanyishwa kazi njiani na utafika Kitale umechoka kama ng'ombe wa plau saa sita. Mvua itashukia huko huko. Sisi tutapanda mahindi na kuvuna vumbi. Na wale vijana watakaotumwa kupanda huko juu kukaza nati, wawaage watu wao vizuri. Bahari huwahesabu kila jioni, na haijawahi kukubali hesabu itoke sawa.”

Sentensi ya mwisho niliipenda kupita kiasi. Niliisoma mara tatu. Nikamwita mke wangu aje aisome, akaisoma, akasema, “Na ile kaptura ya mtoto wa mwalimu?” Lakini grupu lilicheka, lililia, liliinua vidole gumba. Nikaona si haki kuwanyima walimwengu wengine, nikaiweka pia kwenye stetasi yangu, chini ya picha yangu ya suti ya harusi ya binamu, ile ambamo naonekana kama mtu wa ofisini, na kila asubuhi nikairudisha upya.

Baada ya siku kumi maneno yangu yalirudi nyumbani yamevaa. Mtu nisiyemjua alikuwa ameyafanya sauti, na ngoma nzito nyuma, na mwanzoni akaongeza: “Mtaalamu wa hali ya hewa kutoka Kitale aonya.” Jirani yangu anayeniletea maziwa alisimama barazani na chupa mkononi.

“Umesikia yule mtaalamu?”

“Nimesikia.”

“Kwani ni wa mtaa gani?”

“Si mbali,” nikasema.

“Hao watu wamesoma, bana,” akasema jirani, akatikisa kichwa na kutazama mawingu. Na mimi, Mungu anisamehe, sikumwambia.

Sasa nieleze habari ya dada yangu, maana bila yeye hadithi hii ingekuwa ya kuchekesha tu.

Wazazi wetu walitoka upande wa Mlima Kenya wakaja kulima Trans-Nzoia, na sisi tukazaliwa hapa. Dada yangu mkubwa akaolewa Bungoma, kijiji cha karibu na Lugulu, kwa watu wa kanisa na mahindi kama sisi, ila wana mila zao. Binti yake wa kwanza ndiye mpwa wangu. Alisomea stima chuo cha ufundi, na tangu utotoni hajui kukaa chini. Akija kwangu hupanda juu ya paa kukaza bati nisilomwomba akaze. Overloki yangu ya stima, ile mashine ya kumalizia pindo, ilipokufa na fundi wa mjini akaiombea dua, yeye aliifungua juu ya gunia, akaipuliza, akasema, “Anko, hii ilikuwa na njaa ya mafuta tu.” Inafanya kazi hadi leo.

Mwezi wa kwanza alinipigia. “Anko, nimepata! Naenda ng'ambo kusomea stima ya upepo. Mwaka mmoja na nusu, halafu kazi huko huko.” Nilimpongeza kwa roho safi. Nilikuwa na pini mdomoni na kola mkononi, kwa hiyo nilimpongeza kwa kifupi. Ndani ya kichwa changu nilimwona juu ya kilima fulani cha kijani, upepo wa kiasi, ng'ombe wawili chini. Kwamba alitaja bahari, nina hakika alitaja. Mimi nilisikia upepo, nikaridhika.

Siku ya nne baada ya mtaalamu wa Kitale kuonya, dada alipiga simu. Hakusalimu.

“Wewe. Umemfanyia nini mtoto wangu?”

“Mtoto gani tena?”

“Si una stetasi? Si umeandika bahari inawahesabu vijana wanaopanda juu? Kwani ulidhani yeye anaenda kupanda nini, mwembe?”

Pini niliyoitia mdomoni niliitoa polepole.

Ilikuwa hivi. Mama mkwe wa dada, ambaye nyumba nzima humwita Kukhu, yaani bibi, alikuwa na wamama wa kanisa. Mmoja akacheza ile sauti ya ngoma. Wakaisikiliza, wakaguna, wakasema Mungu atuonee huruma. Ingeishia hapo. Lakini mjukuu mmoja akasema, “Kukhu, haya maneno si ya mtaalamu. Ni ya khocha,” akamwonyesha stetasi yangu, maneno yale yale, na mimi juu yake na suti. Kukhu aliishika ile simu muda mrefu. Kisha akasema, “Basi khocha ameshasema,” akaingia ndani, na kitambaa kipya alichokuwa ameandaa kwa maombi ya Jumamosi akakirudisha sandukuni.

Khocha ni mjomba, kaka ya mama. Kwetu pia mjomba ana heshima yake, lakini kwa shemeji zangu mjomba ni kitu kingine. Hilo nililijua tayari, tena kwa aibu. Mpwa wangu wa kiume alipokaribia kutahiriwa, alikuja kwangu Kitale na njuga mikononi na umati wa watu wakiimba, na mimi nikafikiri wamekuja kunisalimia. Nikatoa chai. Wakanywa, wakaendelea kusimama. Ni jirani wa maziwa aliyeninong'oneza kwamba mtoto amekuja kuchukua nyama kwa mjomba wake avikwe shingoni, na bila hiyo harudi kwao. Ng'ombe alitafutwa na mke wangu. Mimi nilikuwa stoo nikitafuta kisu nilichokuwa nimekishika.

Siku ile niliambiwa wazi: neno la khocha juu ya mtoto wa dada yake halichezewi. Akisema heri, ni heri. Akisema vingine, mtoto hasogezwi hatua mpaka mambo yatengenezwe. Nikaitikia, nikala nyama, nikasahau.

“Jumamosi ni maombi ya kumuaga,” dada akaendelea, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka, ambayo ni mbaya kuliko kelele. “Jumanne anapanda ndege. Kukhu amekataa kutoka nje kumwekea mikono. Na baba yake amesema hamtoi mtoto nje ya boma Kukhu akiwa amempa mgongo. Akikosa kuripoti, nafasi inapewa mwingine. Umeelewa?”

“Na yeye mwenyewe anasemaje?”

“Hasemi. Amekaa nyuma ya jiko anachagua maharagwe yaliyokwisha chaguliwa.”

“Mwambie Kukhu ulikuwa utani.”

“Mwambie wewe,” akakata.

Mtu mwingine angevaa viatu. Mimi nilichukua simu. Niliona kosa lilifanyikia humo, dawa nayo iko humo, na uzuri wa dawa hiyo ni kwamba ningeitoa nikiwa nimekaa. Nikaandika kwenye grupu: “Ndugu zangu, yale maneno ya mafeni ya bahari yaliandikwa na mimi. Mimi ni fundi wa nguo. Sijui chochote kuhusu upepo. Ulikuwa utani. Tafadhali msiyasambaze.”

Jibu la kwanza: “Wamekufikia, sivyo?”

La pili: “Fundi, shona. Mambo ya upepo waachie wataalamu.”

La tatu lilikuwa refu na la upole, la kijana aliyenihurumia. Alinishauri nitafute kwanza alichosema yule mtaalamu wa Kitale, nikisome kwa makini, halafu nirudi tujadiliane kama watu wazima.

“Mtaalamu wa Kitale ndiye mimi!” nikaandika.

“Hapana, ndugu,” akajibu. “Yule ana elimu. Ukimsoma tu unajua.”

Nakiri kwamba hapo, katikati ya balaa lote lile, nilifurahi kidogo.

Nikabishana naye mchana kutwa. Nilimpinga mtaalamu wa Kitale kwa nguvu zangu zote, na mtaalamu wa Kitale alinishinda kila mara, maana kila nilipotoa hoja mtu alinijibu kwa kunakili ile sentensi ya bahari kuhesabu watu, na ukweli ni kwamba hoja zangu hazikuwa na sentensi kama hiyo. Nilikuwa katikati ya kuandika kwa herufi kubwa stima ilipopotea. Overloki ikanyamaza, mtandao ukayumba, simu ikaniambia chaji imeisha. Nimekaa pale, mtu aliyetumia wiki mbili kukataa stima ya watu wengine, nikingoja yangu irudi.

Iliporudi nilipanda juu kwenye ule mjadala wa kwanza kutafuta neno langu nilifute. Nikapita kwa yule mvuvi. Swali lake lilikuwa pale pale, nyavu zitapita wapi, na hakuna hata mmoja aliyemjibu. Watu walikuwa wameshuka chini yake moja kwa moja kuja kunichekea mimi. Nilimwandikia, kando, kwamba samahani nilizima swali lako kwa ujinga. Nikafuta neno langu. Haikusaidia kitu, lilikuwa limeshahama kwangu, linaishi kwa watu.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sufuria muda wote huo.

“Mdomo wako uko Bungoma tangu Jumatano,” akasema. “Wewe umebaki hapa kufanya nini?”

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi kabati lilitolewa nje. Safari siisimulii, niliifanya nikiwa nimefumba macho. Nilifika kwa dada kabla ya saa nne, na suti ile ile ya stetasi, kosa jingine hilo, kwa sababu kila mtoto aliyekuwa uwanjani alinitambua na kukimbia kuwaambia wenzake.

Viti vya kanisa vilikuwa vimepangwa, wamama wanamenya viazi. Shemeji alinipa mkono wa baridi. “Karibu, shemeji. Leo umetoka.”

“Nimetoka.”

“Basi jambo ni kubwa,” akasema, na hakucheka.

Mpwa wangu nilimkuta nyuma ya jiko kama nilivyoambiwa, na ungo wa maharagwe. Aliponiona alijaribu kutabasamu. “Anko, ungesoma ungekuwa hatari sana.”

“Nisamehe. Sikujua ni wewe.”

“Najua hukujua. Hukusikiliza simu.” Akapekua maharagwe. “Lakini Anko, hata mimi ile sentensi ilinitisha. Niliisoma nikafungua begi, nikatoa nguo zote. Halafu nikazirudisha. Halafu nikatoa tena. Nimekaza paa za watu wote hapa, sijawahi kuogopa kitu kiko juu. Sasa umeniwekea kitu chini.”

Nilichukua haragwe moja nikalitazama. Lilikuwa zuri, nikalirudisha.

Kukhu alikuwa upande wa pili wa nyumba, kwenye kivuli, ameketi kwenye kigoda na debe la mbegu ya mahindi mbele yake, anatenga zilizoliwa na fukusi. Mgongo wake ulikuwa umeelekea uwanja. Ni mama mdogo wa mwili, mwenye mikono mikubwa. Nilimsalimu kwa heshima zote ninazozijua, akaniacha nimesimama.

“Khocha. Ni wewe ulisema?”

“Kukhu, ulikuwa utani. Watu wa mtandaoni hutaniana hivyo...”

“Sijakuuliza kama ni utani. Ulisema?”

“Nilisema.”

“Kwa mdomo?”

“Hapana, Kukhu. Niliandika. Kwa vidole.”

“Vidole vilikuwa vya nani?”

Nikavificha nyuma ya mgongo.

Alitoa mbegu mbovu akaitupia kuku. “Wewe unadhani mimi ni mshamba. Kwamba nasikia redio ya simu na kuogopa. Huyu mtoto nilimlea mimi mama yake akiwa sokoni. Nikisikia mtaalamu anasema watoto wa watu watakufa majini, nasema pole, naomba, nalala. Lakini nikaambiwa si mtaalamu, ni khocha wake. Sasa mimi nitamwekea mikono juu ya neno lako? Hilo neno nilisukume wapi?”

Nilifika kwake na hotuba. Nilikuwa nimeipanga vizuri, ina bibi, ina mambo ya kisasa, ina ucheshi katikati. Ilianguka yote. Nikavuta kigoda kingine nikaketi, suti na yote.

“Kukhu, sijui chochote,” nikasema. “Sijui kama upepo huchoka. Sijui mvua yetu inatoka wapi. Sijui bahari. Nilikuwa nashona, nikataka watu wacheke.”

“Uliandika kama mtu anayejua.”

“Ndiyo.”

“Na hukujua.”

“Sikujua.”

Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike. “Hayo utayasema mbele ya watu. Si kwa vidole.”

Halafu akamwita mjukuu wake, kwa sauti iliyofanya viazi visimame kumenywa. Msichana akaja akijifuta mikono kwa sketi. Kukhu hakumbembeleza. Alimuuliza moja kwa moja, “Huko baharini, ukipanda, ukianguka?”

“Kuna mikanda, Kukhu. Miwili. Unafungua mmoja mwingine ukiwa umefungwa. Na kabla hawajakupeleka, wanakufundisha kwanza kwenye bwawa, na nguo zote, mpaka ujue kutoka.”

“Na jioni? Bahari inahesabu?”

Mpwa wangu alinitupia jicho, na nikaona lile jicho la kufungua overloki. “Wanahesabu watu, Kukhu, si bahari. Nimeona kwenye masomo waliyonitumia. Kuna ubao. Kila anayetoka asubuhi anatundika kibao chenye jina lake. Akirudi anakitoa. Kibao kimoja kikibaki, hakuna mtu anaenda nyumbani, wote wanarudi kumtafuta.”

Kukhu aliokota mbegu tano au sita, akazitazama, zote nzima.

“Hata hili kabati lenu lingeweza kueleza hivyo,” akasema hatimaye, kwa hiyo nikajua habari ya kabati imefika mpaka Bungoma.

Saa sita tulikuwa uwanjani. Mchungaji aliomba. Kisha Kukhu, amevaa kitambaa kipya kilichotoka tena sandukuni, akaniita mbele. Sijawahi kusimama mbele ya watu tangu siku ya harusi yangu, na hata siku ile mke wangu ndiye aliyejibu kwa sauti. Nikasema kwamba mtaalamu wa Kitale ni mimi. Watu wakacheka. Nikasema sina utaalamu, nashona kaptura. Wakacheka zaidi. Nikasema, “Nilisema jambo nisilolijua juu ya mtoto wa dada yangu, na sikujua ni yeye,” na hapo kicheko kikaisha. Mama mmoja akasema “Eh,” polepole. Nikasema neno lile si neno. Nalitoa. Aende salama, afanye kazi, arudi.

Kukhu akanipa kikombe cha maji. Nilitakiwa kujaza mdomo, kisha niyapulize kifuani mwa mtoto kama umande, ndivyo mababu walivyofanya, na mchungaji alitazama pembeni kwa ukarimu. Umande wangu ulitoka kama bomba lililopasuka. Mpwa wangu akalowa kuanzia kidevuni hadi mkandani, akacheka mpaka akashika magoti, na bado akicheka bibi yake akamwekea mikono yote miwili kichwani, ile mikubwa, akaikandamiza pale muda mrefu.

Nilidhani nimemaliza. Nilikuwa nimeshaanza kutazama lango.

“Wewe utamsindikiza,” Kukhu akasema.

“Mpaka barabarani?”

“Mpaka pale ndege inapokaa. Neno lilikwenda mbali. Lifuate.”

Kwa hiyo nimefika Nairobi. Nililala huko usiku mmoja, kwa mateso makubwa, kwenye godoro la watu. Asubuhi nilimwona mpwa wangu akiingia kwenye mlango wa vioo, begi mgongoni, hakugeuka mpaka dakika ya mwisho; akageuka, akainua mkono, akafanya kama anafunga mkanda kiunoni. Mmoja. Kisha mwingine.

Sasa kuna kazi nimepewa na sikuiomba. Simu ya Kukhu ni ile ndogo ya vitufe, haipokei picha wala ujumbe wa mtandaoni. Kila jioni, mimi nikifunika cherehani, hunibipu mara moja na kukata. Maana yake: amehesabiwa? Mpwa wangu naye, tangu aanze kwenda baharini na wenzake, hunitumia neno moja akitoa kibao chake ubaoni: “Nipo.” Mimi nampigia Kukhu namwambia, “Yupo.” Yeye husema “Haya,” na kukata, bila kuniuliza hali.

Yule mvuvi alinijibu baada ya wiki kadhaa. Aliandika, “Sawa, mtu wa mahindi. Siku moja uje uione yenyewe.” Bado sijampa jibu. Mvua ilikuja mwaka ule, ikachelewa kidogo kama kawaida yake, na jirani wa maziwa alisema yule mtaalamu lazima alifanya hesabu upya. Kwenye grupu mjadala wa mafeni hurudi kila baada ya muda, mtu huweka picha, watu huwaka. Nami huandika. Huandika vizuri sana, kisha huangalia saa.

Wiki iliyopita Kukhu alinibipu saa kumi na mbili na neno lilikuwa halijafika. Nikamwambia angoje. Akabipu tena. Mke wangu akaja akasimama mlangoni, bila sufuria. Nikafunua cherehani nikashona mfuko wa shati ambao haukuwa na haraka, nikaushona mahali pasipo pake, nikaufumua. Tulikuwa watatu tukingoja, mmoja kivulini Bungoma na wawili barazani Kitale, na sentensi yangu ile nzuri ilikuwa imekaa nasi.

Halafu simu ikatikisika kwenye mkebe wa vifungo. “Nipo. Boti ilichelewa, upepo ulikuwa mkali. Anko, mwambie haukuwa umechoka hata kidogo.”

Nilimpigia Kukhu. Aliipokea kabla haijalia.